Mafundi wa Dodoma, msifute Windows ya mteja ndo muweke Linux

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie hizi laptopu za Windows 10 ambazo watu wanaambiwa zimekufa. Mimi ni fundi wa kompyuta, nipo Nkuhungu hapa Dodoma, na tangu Microsoft wasitishe apdeti za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 naletewa mashine nzima kabisa, haina ugonjwa wowote, mwenyewe anachouliza ni aiuze shilingi ngapi anunue nyingine. Wengine wanakuja washapita kwa fundi mwingine, huko wamewekewa mfumo mwingine, Linux, sawa, ila kila kilichokuwemo kwenye Windows kimefutwa, picha za familia, kazi za chuo, mahesabu ya duka, vyote. Hicho ndo kimenifanya nikae chini niandike. Kompyuta moja inakaa na mifumo miwili, Windows na Linux, kila mmoja na sehemu yake kwenye diski, ukiwasha unachagua unaingia wapi, na hakuna hata faili moja linalotakiwa kufutwa ili hilo lifanyike. Fundi anayekwambia haiwezekani bila kufomati anakudanganya au hajui, na kama hajui asiguse.

Ngoja nieleze tatizo limetokea wapi. Laptopu nyingi tunazonunua hapa mjini ni used za kutoka nje, HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470 na ndugu zake, mashine ngumu kweli, zinavumilia hili vumbi letu la mwezi wa saba na wa nane ambalo laptopu nyingine mpya za plastiki haziliwezi. Sasa hizo nilizotaja zote zina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kwa hiyo unakuta mtu ana mashine yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, inapiga kazi vizuri tu, lakini inakataliwa sababu ya umri wa prosesa. Kuna njia za kuilazimisha ikubali na mafundi tunazijua, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawaihakikishii apdeti, sasa mteja umemsaidia nini? Na ukibaki na Windows 10 yako inawaka kama kawaida, hamna kinachozimika, shida ni kwamba matundu ya usalama hayazibwi tena, labda ujiandikishe kwenye ile nyongeza ya mwaka mmoja ambayo nayo inaishia Oktoba 2026.

Hapo ndo Linux inapoingia. Kwa asiyeijua, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, kiini chake alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki huko Finland, na ni bure, hulipii leseni wala hutafuti kreki. Imetengenezwa kwa majina mengi, Ubuntu, Linux Mint, Debian, na hiyo Ubuntu aliianzisha mtu wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, mwaka 2004. Mwaka huohuo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, kwa hiyo anayesema hivi vitu ni vya Wazungu peke yao hajafuatilia. Ubuntu 24.04 ukiiweka leo inapata apdeti hadi 2029, na kwenye hiyo 840 G3 inakimbia bila shida.

Sasa mtu atauliza, kama ni nzuri hivyo si tuitoe Windows tu tumalize? Hapa sikubaliani na wale vijana wenzangu wanaoipenda Linux mpaka wanataka kumlazimisha kila mtu. Mwanafunzi wa Chuo cha Mipango akikaa na ramani anaweza kutumia QGIS, ipo kwenye Linux na ni bure, lakini kama mwalimu wake anafundisha kwa ArcGIS Pro hiyo ni ya Windows peke yake. Anayechora majengo na AutoCAD hivyohivyo, haina toleo la Linux. Microsoft Office haipo kwenye Linux, ipo LibreOffice, inafungua Word na Excel vizuri ila ukiwa na dokumenti yenye majedwali mengi na msimamizi wako anataka ikae kama alivyoiacha, utahangaika na mistari kuhama mpaka ukasirike. Na mama mwenye duka pale Majengo aliyezoea programu yake ya mahesabu ya Windows miaka yote huwezi kumwambia aanze upya eti kwa sababu wewe unaipenda Linux, huo ni ukatili. Kwa hiyo aachiwe Windows yake ya kazi maalumu, ikiwezekana isiingie intaneti hovyo, alafu Linux iwe ya kuingilia mtandaoni, barua pepe, benki, kusoma, kuangalia video. Mwanafunzi wa kompyuta pale UDOM yeye kinyume chake, Linux ndo darasa lake maana seva nyingi za dunia zinaendeshwa nayo, Windows anaihitaji siku mojamoja.

Wapo wanaosema tumia mashine ya ndani, yaani VirtualBox, Linux inakaa ndani ya Windows kama programu. Sawa, kwa mwenye RAM ya GB 16 ni raha. Mwenye GB 4 ukimwekea hivyo umemfunga jiwe mguuni, maana mifumo yote miwili inagombania RAM kwa wakati mmoja. Ukiziweka kila moja na sehemu yake inawaka moja tu na inapata mashine yote.

Mhariri, nieleze tukio moja ili wasomaji waone uharibifu unatokea wapi hasa. Kuna dada mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, chuo sikitaji, alimpelekea fundi mmoja wa hapa mjini laptopu amwekee Ubuntu kwa ajili ya somo lake. Alimwambia kabisa kaka Windows usiiguse, utafiti wangu umo humo. Jioni akarudishiwa, anawasha anaona rangi ya zambarau tu, Windows hamna, D hamna, hojaji alizokuwa ameshaziingiza kutoka vijijini Bahi hamna. Alikuja kwangu analia. Nilijaribu kuokoa na PhotoRec, yakapatikana baadhi ya mafaili yasiyo na majina, mengi yalikuwa yamekanyagwa, na kwa SSD mara nyingi ndo basi tena kwa sababu diski yenyewe inasafisha nafasi iliyofutwa. Sasa kwenye kuweka Ubuntu kuna skrini moja, inafika baada ya kuchagua lugha na kibodi, ina machaguo yamepangana, moja linasema weka Ubuntu kando ya Windows, lingine linasema futa diski weka Ubuntu, na kuna la tatu la kugawa mwenyewe. Yule fundi alibonyeza la kufuta. Kubonyeza kitufe kimoja, alafu jibu lake kwa yule dada ni kwamba Linux ndivyo ilivyo. Hapana, Linux sivyo ilivyo. Na kama lile chaguo la kwanza halikutokea kabisa, basi hiyo yenyewe ni taarifa kwamba mfumo haujaiona Windows, unatakiwa usimame hapohapo ujue kwa nini, siyo uendelee.

Na sababu za kutoiona zinajulikana. Ya kwanza ni diski kufungwa na BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, hasa laptopu mpya mpya zenye Windows 11 ambazo nyingine zinakuja zimeshafungwa na mwenyewe hana habari. Hiyo haiwezi kupunguzwa ukubwa na Ubuntu mpaka uifungue ndani ya Windows, na ukianza kuchezea mipangilio ya BIOS, ile ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, kabla hujachukua ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, Windows ikiwaka inaudai, hana, umemfungia nje. Ya pili ni diski kuwekwa kwenye hali ya RST ya Intel, ambayo ni namna ya mashine kuiendesha diski, Ubuntu haiioni mpaka ibadilishwe iwe AHCI, ile namna ya kawaida, na kubadilisha nako usikurupuke, ukibadilisha bila kuiandaa Windows kwanza inagoma kuwaka. Ya tatu, mafundi wengi wanayo hii tabia, wanaingia BIOS wanazima UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, wanaweka Legacy, ile ya zamani, kwa sababu ndo walivyojifunza zamani na Windows 7. Windows ya mteja ikiwa iliwekwa kwa UEFI na wewe ukaweka Linux kwa Legacy, ile menyu ya kuchagulia haiwezi kuiwasha Windows, mteja anadhani imefutwa kumbe ipo inamtazama. Ubuntu na Mint zote zinakubali UEFI na Secure Boot, ile kinga inayokagua kinachowaka, ikiwa imewashwa, sioni sababu ya kuzigusa.

Kazi yenyewe ikifanywa kwa adabu haina maajabu. Kwanza bakapu, na nasema bakapu kwenye diski ya nje au flashi kubwa, siyo kuhamisha kutoka C kwenda D ya diski ileile, hiyo siyo bakapu. Alafu unaingia Windows yenyewe, ile sehemu ya kusimamia diski, unaipunguza C, kwa SSD ya GB 256 mimi huwa naachia Linux GB 60 hivi zinatosha, ila usizigawe humo, ziache tupu zisizo na jina. Ni bora Windows ijipunguze yenyewe kuliko kupunguzwa na mgeni. Ikikataa kushuka chini ya kiwango fulani ni kwa sababu kuna mafaili yasiyohamishika katikati, unazima kwa muda faili la hibernation na lile la kumbukumbu ya ziada, unajaribu tena. Na hapa umeme. Hizi laptopu used nyingi betri zake zimechoka au hazipo kabisa, mtu anatumia kwa kuchomeka ukutani, sasa umeme ukikatika wakati diski inapunguzwa unaweza kupoteza mpangilio wote wa mafaili. Mimi mashine isiyo na betri siigusi kwa kazi hii mpaka iwe kwenye UPS, mteja akilalamika kwamba namchelewesha namwacha alalamike.

Kuna kitu kinaitwa Fast Startup kwenye Windows, nacho lazima kizimwe. Watu hawajui kwamba ukizima kompyuta ya Windows haizimiki yote, inahifadhi hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwa hiyo sehemu ya Windows inabaki kama imeshikiliwa. Ukiingia Linux ukataka kuandika kwenye D yako inakwambia unaweza kusoma tu, na ukilazimisha unaharibu. Kinazimwa kwenye mipangilio ya umeme ndani ya Windows, ni dakika moja, na wateja wengi wanaokuja kwangu wakisema Linux inagoma kuseva mafaili shida ni hiyohiyo.

Flashi ya kuwekea iwe GB 8 au zaidi, Ubuntu 24.04 peke yake inakaribia GB 6, Mint ni kama GB 3. Kwa bando zetu hizi najua inauma, ndo maana nashauri vijana wa vyuo wadauniloadi mara moja wagawane kwa flashi, siyo tu inaruhusiwa bali inahimizwa, hii siyo pirati. Kuitengeneza flashi ni kwa programu ya Rufus au Ventoy, siyo kukopi faili la ISO ulilodauniloadi ukaliweka kwenye flashi ya kawaida kama muziki, haitabuti. Alafu kabla hujaweka chochote iwashe kwa flashi uchague kujaribu bila kuweka, uangalie WiFi inashika, sauti ipo, mwanga wa skrini unapanda na kushuka. Kwenye HP unabonyeza F9 ikiwaka, Dell na Lenovo F12. Mteja akae aione mwenyewe kabla hajalipa hata senti, mimi huwa nawaachia hata nusu saa wabonyeze wanavyotaka, ikiwa WiFi yake haishiki tunajua mapema na diski haijaguswa.

Jambo lingine linalotisha watu bure ni saa. Windows inaandika saa ya mashine kwa saa za hapa kwetu, Linux inaandika kwa saa ya dunia ya UTC, na sisi Tanzania tupo mbele kwa saa 3. Kwa hiyo ukitoka Linux ukaingia Windows unakuta saa imerudi nyuma masaa matatu. Mfanyabiashara mmoja wa Kongwa alinipigia simu anadhani ameingiliwa na virusi, risiti za saa kumi jioni zinasoma saa saba mchana. Dawa yake ni amri moja kwenye Linux, timedatectl set-local-rtc 1, unaingiza mara moja imeisha. Fundi aliyekuwekea mifumo miwili asipofanya hilo hajamaliza kazi.

Apdeti kubwa za Windows nazo wakati mwingine zinajiweka mbele, unawasha inaingia Windows moja kwa moja, ile menyu ya kuchagua imepotea. Linux haijafutwa. Unaingia BIOS unairudisha ubuntu iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwaka. Agosti 2024 ilikuwa mbaya zaidi, apdeti ya usalama ya Windows ilizifungia Linux za watu wengi duniani zisiwake, ikatoa ujumbe wa Security Policy Violation, wakati Microsoft walikuwa wamesema haitagusa mashine zenye mifumo miwili. Iliwezekana kutibika, unazima Secure Boot kwa muda unarekebisha unaiwasha tena, ila nakumbusha ili mtu asidhani kuishi na mifumo miwili hakuna usumbufu kabisa. Upo, ni mdogo, na mwenye mashine ana haki ya kuambiwa kabla.

Ninachowaomba mafundi wenzangu wa kuanzia hapa mjini mpaka Mpwapwa, Kondoa na Manyoni ni hiki. Mteja akileta mashine muulize kwa maneno ya kueleweka, unataka Windows ibaki au itoke, na jibu lake liandike kwenye karatasi ya kupokelea kazi asaini. Mwonyeshe bakapu, aione imefunguka kwenye kompyuta nyingine. Hela ya ziada kwa kazi ya mifumo miwili mnastahili, ni kazi ndefu, semeni bei mapema. Na maofisa wa ununuzi kwenye taasisi zetu hapa makao makuu, kabla hamjaorodhesha kompyuta za Windows 10 kama chakavu, waiteni watu wenu wa TEHAMA wajaribu kwa flashi chache, hata kama zikionekana hazifai ofisini kuna shule za kata hapa Chamwino zingezipokea kwa mikono miwili.

La mwisho ni kwa wale waliojaribu wakaona Linux haiwafai, na ni haki yao. Msiingie Windows mkaifuta ile sehemu ya Linux, ambayo humo inaonekana haina jina kwenye diski, mkidhani ni nafasi imepotea, maana menyu ya kuwashia inategemea mafaili yaliyo humo, ukiifuta inayofuata kukutokea ni skrini nyeusi yenye neno grub, ndo jina la hiyo menyu, na huingii popote. Kwanza ingieni BIOS muiweke Windows Boot Manager iwe ya kwanza, washeni mara mbili tatu mhakikishe inaingia yenyewe, ndo mfute sehemu ya Linux na kuirudishia C nafasi yake.

Fundi kompyuta,
Nkuhungu, Dodoma